Ruta ipi ununue kwa nyumba ya Mbeya au Iringa

Mnunuzi anayeingia duka la vifaa vya kompyuta Mwanjelwa hapa Mbeya, au Miyomboni kule Iringa, hukutana na maboksi ya ruta, yaani vifaa vya kusambaza intaneti ya Wi-Fi nyumbani, yenye namba kubwakubwa, 300, 1200, 1500, na muuzaji humwambia kwamba kubwa ndiyo yenye kasi. Kwa ruta ya bendi mbili, yaani masafa mawili ya mawimbi ya redio, namba hiyo ni ya kujumlisha. Boksi la AC1200 limeweka pamoja megabiti 300 za bendi ya gigahezi 2.4 na 867 za bendi ya gigahezi 5, ilhali simu kwa kawaida hutumia bendi moja kwa wakati, tena hata hiyo moja haifikii ahadi yake. Isitoshe, laini inayoleta megabiti 20 kwa sekunde, ambazo kwenye kupakua faili ni megabaiti 2.5 tu, itabaki na 20 zake hata ukiifungia ruta ya bei ya ng'ombe. Kwa hiyo hapa nimezipanga ruta kwa ulinzi kwanza, kisha kwa namna zinavyopenya kuta zetu, na kasi ya kwenye boksi nimeiweka mwisho.

Ya kwanza ni ruta ya Wi-Fi 6, yaani kizazi cha sita cha Wi-Fi, ambayo boksi lake huandikwa AX1500 au AX1800, yenye ulinzi wa WPA3, utaratibu wa kufunga Wi-Fi kwa nywila uliofuata WPA2. Chini ya WPA2, iliyoanza mwaka 2004, mtu aliyekaa nje ya uzio wako anaweza kunasa salamu ambazo simu na ruta hupeana wakati wa kuungana, akaenda nazo kwake na kuzijaribishia nywila usiku kucha bila wewe kujua. WPA3, iliyotoka mwaka 2018, inamlazimisha kubahatisha mbele ya ruta yenyewe, jaribio moja baada ya jingine. Jambo hili lina uzito kwetu tunaopenda kufanya namba ya simu kuwa nywila: tarakimu 10, na kila mtu anajua zinaanza na 06 au 07. Simu za zamani zisizoijua WPA3 zitakulazimu kuchagua hali ya mchanganyiko, na kwa kuwa hali hiyo inauacha mlango wa WPA2 wazi, nywila lazima iwe ndefu. Mimi niliweka maneno manne ya Kinyakyusa yasiyohusiana (nimeshayabadilisha, usijisumbue).

Ya pili ni AC1200 ya Wi-Fi 5, ambayo inaitosha familia nyingi na bei yake ni nafuu. Kagua matundu ya kebo, kwa sababu baadhi yake huishia megabiti 100, na mwenye laini ya faiba iliyo juu ya hapo atakuwa analipia kasi isiyomfikia. Ukishaifunga, zima WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila, siku hiyohiyo. Namba yake ya siri ina tarakimu 8, lakini mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huikagua kwa vipande viwili, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Nilipokuwa nimepanga mtaa wa Soweto hapa Mbeya, bando la mwezi lilikuwa likiisha kabla ya tarehe 20. Nilipofungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa nilihesabu 9, na nyumbani tulikuwa na simu 4 na televisheni moja. WPS ilikuwa imewashwa tangu dukani.

Ya tatu ni seti ya ruta mbili au tatu zinazoshirikiana. Matofali ya kuchoma huidhoofisha sana bendi ya gigahezi 5, na kuta mbili tu zinaweza kuiacha simu ikihangaika chumba cha mwisho. Seti hii inaifaa nyumba ndefu au yenye vyumba vya uani, hasa ukiziunganisha kwa kebo, kwa kuwa zikiongea hewani hugawana kasi. Kwa nyumba ya vyumba vitatu ni kutupa fedha; ruta moja iliyowekwa juu katikati ya korido, badala ya nyuma ya televisheni, inatosha.

Ya nne ni ruta ya 4G inayotumia laini ya simu, kwa aliye mbali na nguzo za faiba. Uliza kama imefungwa kwa mtandao mmoja, na utafute yenye tundu la antena ya nje, kwa sababu katika mabonde ya Rungwe kilima kimoja kinaweza kuuficha mnara kabisa.

Ya mwisho ni N300 ya bendi moja, pamoja na ruta za mitumba. Gigahezi 2.4 ina chaneli, yaani njia za mawimbi ndani ya bendi, tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na kwenye nyumba za kupanga zilizobanana majirani wote wanazigombania. Ukilazimika kununua mtumba, omba umeme hapohapo dukani, irudishe kwenye hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe chake cha nyuma, kisha fungua orodha ya ulinzi. Ikiishia kwenye WEP, ulinzi wa zamani uliotangulia WPA, ambayo ilishavunjwa tangu mwaka 2001, au kwenye WPA ya kwanza, mwachie muuzaji ruta yake.