Vitabu vinne kuhusu wenye nyumba na waliowatumikia

Mimi si mhakiki wala mwalimu wa fasihi. Husoma jioni baada ya kazi, na kitabu kisiponishika mapema hukiweka kando bila majuto. Hivi karibuni nimesoma mfululizo riwaya mbili na tawasifu mbili, zote zikihusu Zanzibar na njia za biashara zilizotoka pwani kwenda bara, kuanzia enzi za Sultani Seyyid Said hadi Mapinduzi ya 1964. Sikuvipanga vitabu hivyo kwa makusudi. Viwili nilikuwa navyo kabatini kwa muda mrefu, kimoja niliazima, na kimoja nilikinunua. Hata hivyo, nilipokuwa katikati ya cha pili nilianza kurudi kwenye cha kwanza ili kulinganisha, kwa kuwa watu ambao wakubwa huwapitia kwa sentensi moja katika kumbukumbu zao ndio hao hao ambao waandishi wa riwaya huwapa kiti na kuwasikiliza.

Nilianza na Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kuingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Mfasiri ni Ida Hadjivayanis, na kitabu kilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, yaani mwaka mmoja baada ya mwandishi, mzaliwa wa Zanzibar, kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Ni hadithi ya Yusuf, mtoto ambaye katika mwaka wake wa kumi na mbili anapandishwa garimoshi pamoja na tajiri Aziz, mgeni aliyezoea kufika kwao, kuandaliwa chakula cha heshima na kumwachia mtoto sarafu ya anna kumi kila alipoondoka. Yusuf anadhani anakwenda kukaa kwa jamaa. Khalil, kijana anayeuza katika duka la tajiri huyo, ndiye anayemweleza bila kumbembeleza kwamba yule si jamaa yake hata kidogo, kwamba amwite Seyyid kama wanavyomwita wengine, na kwamba baba yake mzazi ana deni lisilolipika, kwa hiyo yeye yuko pale kama rehani.

Sura za dukani ndizo nilizozipenda kuliko zote. Hakuna mnyororo wala mjeledi unaoonekana. Yusuf analala barazani pamoja na Khalil, anawaogopa mbwa wanaozurura usiku, anahudumia wateja, na polepole anaizoea hali ambayo hakuichagua kiasi kwamba msomaji naye anaanza kuizoea. Nyuma ya ukuta kuna bustani, na ndani ya bustani yumo Mzee Hamdani, mtumwa aliyepewa uhuru na bibi mwenye nyumba akakataa kuuchukua. Yusuf anapomdadisi, mzee anajibu kwa swali: ni nani aliyemwambia bibi yule kwamba uhuru ulikuwa mali yake hata aweze kuutoa zawadi? Nilikifunga kitabu hapo na sikuendelea hadi siku iliyofuata. Riwaya nyingi zingemfanya mzee huyo kuwa shujaa au mjinga, lakini Gurnah anamwacha aendelee kupalilia maua yake na kunung'unika peke yake.

Sehemu ya safari ya bara, pale msafara wa Aziz unapokwenda hadi kwa mtemi Chatu, ni ndefu, na msomaji asiyependa maelezo ya mito, mizigo na ushuru wa machifu anaweza kuchoka. Mimi nilivumilia kwa sababu ya Mohammed Abdalla, mnyapara katili mwenye maumivu yake mwenyewe, na kwa sababu ya kile kinachotokea kwa Chatu. Mtemi huyo anawanyang'anya mali zao akidai kwamba mfanyabiashara mwingine aliyewatangulia alimdhulumu, kwa hiyo wao watalipa. Aziz, aliyemchukua mtoto wa mtu kwa deni la baba yake, sasa anatozwa deni la mtu asiyemjua, na mwandishi wala haisemi hoja hiyo kwa sauti. Sitaeleza jinsi jambo hilo linavyomalizika wala kilichompata Amina, mwanamke aishiye katika nyumba ya Aziz, kwani ndicho kitakachomfanya msomaji asilale.

Kutoka hapo niliingia moja kwa moja katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Mzee huyo, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, aliandika habari zake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Nakala niliyosoma ni ya W. H. Whiteley, yenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Katika mistari ya mwanzo kabisa mwandishi anasema kwamba alianza safari za karibu akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, akifanya biashara ya sandarusi, yaani utomvu mkavu wa miti, pamoja na jamaa zake. Nikamkumbuka Yusuf mara moja. Watoto wawili wa rika karibu moja wanaingizwa katika biashara ileile, mmoja akiwa mrithi na mwingine akiwa dhamana, na sidhani kama nimewahi kuona mahali ambapo riwaya na tawasifu zinajibizana kwa ukaribu kama hapo.

Nilitarajia kuchoshwa na kitabu hiki, nikakuta kinakwenda mbio. Tippu Tip hasimulii hisia. Anasema alikwenda, akapata, akapigana, akarudi, na kabla hujavuta pumzi ameshavuka Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Uzaramo wanapotoroka na kumwachia mizigo, anarudi vijijini mwao, anakamata mamia ya watu, anawafunga minyororo na kuwabebesha, kisha anaeleza kwa utulivu kabisa kwamba kwa tendo hilo alipewa jina la Kingugwa Chui. Anapomshinda Samu, mtawala wa Itabwa, nchi iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, anatupa hesabu ya ngawira: pembe za ndovu frasila 1,950 na shaba frasila 700. Frasila moja ni takriban kilo 16, kwa hiyo pembe hizo peke yake zilikuwa zaidi ya tani 30, na zilisafirishwa kwa mabega ya watu. Kila Mwarabu anayetajwa ana jina lake, la baba yake na la kabila lake, ilhali wenye mabega hayo karibu wote hawana majina.

Hata hivyo, nakiri kwamba msimulizi huyu ananivutia. Hadithi yake ya jinsi alivyojipatia utawala wa Utetela, katika Kongo ya leo, ni ya kuchekesha na kutisha kwa pamoja: alisikia kwamba mtemi alipotelewa na dada zake waliotekwa zamani, akajitungia ukoo unaomfanya yeye kuwa mjukuu wa mmoja wao, na mtemi akamkabidhi nchi. Anatusimulia uongo wake bila kuona haya, kama mtu anayewaeleza wenzake barazani jinsi alivyopata bei nzuri sokoni. Hajitetei popote, na kwa sababu hajitetei, msomaji anabaki na nafasi ya kuhukumu mwenyewe.

Hapo ndipo kitabu cha tatu kiliponishinda kukipenda kama nilivyotaka. Ni kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Zanzibar mwaka 1866, akabatizwa Aden kwa jina la Emily na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mume alifariki Hamburg mwaka 1870 baada ya ajali ya tramu na kumwacha na watoto watatu wadogo. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Mimi nimekisoma kwa Kiingereza. Sura za utoto ni tamu mno. Kuna ua wa kasri la Mtoni ambamo wanyama kama paa, na ndege kama tausi na mbuni, wanatembea huru. Kuna chakula kinachoandaliwa kwa utaratibu mkali, Seyyid akiwa mwanzoni mwa safu, watoto wakifuata kwa umri, na masuria, hata yule anayependwa kuliko wote, wasishiriki kamwe. Nimeipenda zaidi sehemu anayoeleza jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Ujuzi huohuo ulimponza baadaye, kwani akiwa msichana mdogo alifanywa karani wa njama za kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Majid, aliyekuwa Sultani.

Kisha inakuja sura ya utumwa, na kitabu kinabadilika. Salme, ambaye mama yake mwenyewe alikuwa suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi, anageuka kuwa wakili. Anawaambia wasomaji wake wa Ulaya kwamba utumwa wa Mashariki usilinganishwe na ule wa Marekani, anawalaumu Waingereza kwa kuvuruga maisha ya wenye mashamba, na anasema juu ya watu weusi maneno ambayo sitaki kuyarudia hapa. Tukumbuke kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na kwamba amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria haikuwagusa masuria hadi mwaka 1909. Naelewa kwamba aliandika akiwa mjane ugenini, amechoka kuulizwa maswali ya kipumbavu kuhusu nyumba za Waarabu, na kila ukurasa wa kujitetea una uchungu wa mtu aliyekataliwa pande zote mbili. Kuelewa huko hakunifanyi niione sura hiyo kuwa nzuri. Ningempa alama za juu kabisa kama angebaki uani na wale tausi, na bado ningewaambia watu wasiiruke sura hiyo, kwa sababu bila ya hiyo hawatajua kasri lile lilisimama juu ya nini.

Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1978, nilikuwa nimeisoma zamani shuleni, kwa haraka ya mtihani. Safari hii niliisoma kwa ajili ya Kijakazi, mtumishi anayemtumikia Fuad, bwana mwenye kasri, kwa moyo wake wote na kupokea matusi kana kwamba ni mshahara. Fuad mwenyewe amechorwa kwa rangi moja tu. Ni mbaya asubuhi, mbaya mchana, mbaya usiku, na Gurnah asingekubali kumwacha hivyo. Mazungumzo ya kisiasa nayo yananyoosha kidole mno, ingawa kwa riwaya ya miaka ile, na juu ya Mapinduzi yale, sikushangaa. Kijakazi, hata hivyo, anashinda udhaifu wote wa kitabu. Utii wake si wa woga. Anaamini kweli kwamba bwana akikosa chai yake asubuhi, dunia imekosa mpango, na inachukua muda mrefu na maumivu mengi kabla imani hiyo haijaanza kuyumba.

Anayetaka kununua kimoja tu, anunue Peponi. Anayeweza kuvipata viwili, achukue Maisha ya Tippu Tip pamoja nayo, aanze na riwaya kisha aifuate tawasifu, kwa kuwa ukishawajua Khalil na Mzee Hamdani, frasila 1,950 huzisomi tena kama hesabu ya pembe. Salme nitamwazima rafiki yangu anayependa habari za majumba ya wafalme, naye nimemtahadharisha kuhusu sura ya utumwa. Kasri imerudi kabatini, mahali ambapo mkono unafika kwa urahisi.