Chai ya mboji kwenye mahindi ya Lubumbashi: niliyoyaona shambani

Msimu uliopita nililipia huduma ya chai ya mboji kwenye shamba letu la mahindi, upande wa barabara ya Kasumbalesa. Wengi wananiuliza kama inafaa, kwa hiyo naanza na jibu: kwenye bustani ya mboga inaweza kukusaidia. Kwenye hekta 30 za mahindi, katika udongo wetu huu mwekundu, pesa hiyo ni afadhali ununulie chokaa.

Huduma yenyewe iko hivi. Anakuja kijana na tangi la lita 1,000, pampu ya hewa, jenereta ndogo na magunia ya mboji iliyoiva. Mboji inatiwa kwenye mfuko wa kitambaa cha matundu madogo, mfuko unaning'inizwa majini, inaongezwa molasi kidogo (maji mazito matamu ya miwa), kisha pampu inapuliza hewa mfululizo kwa saa 24 hadi 36. Shabaha ni bakteria na kuvu wa kwenye mboji wazaliane humo tangini, halafu wakamwagwe shambani. Maji yetu tuliyachota mjini, na maji ya bomba yana klorini inayoua vijidudu hivyo hivyo unavyovifuga. Kijana aliyapuliza hewa kwanza hadi klorini ikatoka, ndipo akatia mboji. Hapo nilimkubali, anajua kazi. Pipa la kwanza lilinukia vizuri, harufu ya udongo wa msituni, povu jembamba la kahawia juu.

"Mama, ukishamwaga hii, urea utaisahau," akaniambia.

"Mwanangu, tutaonana kwenye mizani," nikamjibu.

Maana hesabu haikubali. Tani moja ya punje za mahindi inaondoka shambani na kama kilo 15 za nitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea una kilo 23 za nitrojeni. Chai yenyewe inaenda karibu lita 200 kwa hekta kabla ya kuzimuliwa na maji. Hata tukiipendelea sana, tuseme kila lita imebeba gramu nzima ya nitrojeni, hekta inapata gramu 200. Huo si mlo wa mahindi. Anayekuuzia chai kama mbadala wa mbolea, ama hajapiga hesabu ama anakutegemea wewe usiipige.

Wauzaji wakweli hawasemi hivyo. Wanasema chai inarudisha uhai wa udongo, na wengi wao wamejifunza kwa Elaine Ingham, mtaalamu wa vijidudu vya udongo wa Marekani aliyeieneza sana njia hii. Huko huko Marekani, Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington amekuwa akiandika kwa miaka kwamba ushahidi wa majaribio hautoshi kubeba sifa hizo. Mimi si mtaalamu, ila hoja moja iliniingia: udongo tayari una bakteria kwa mamilioni katika kila gramu, kinachokosekana ni chakula chao, yaani mabua, majani, samadi, vitu vinavyooza. Kuwamwagia wengine juu yao ni kualika wageni nyumba ambayo hata unga wa bukari, yaani ugali, umekwisha.

Lakini kilichonichosha zaidi ni kazi. Kwenye bustani, lita 1,000 ni nyingi mno. Kwenye hekta 30, kwa lita 200 kila hekta, unahitaji lita 6,000 kwa awamu moja, na yeye alitaka awamu tatu kwa msimu. Tangi ni moja, na kila pishi linakula usiku na mchana. Ukizima pampu, saa inaanza kukimbia: chai inatakiwa iishe ndani ya saa nne hadi sita, kwa sababu vijidudu vinaendelea kuvuta hewa iliyobaki majini na ikiisha wanashika usukani wale wa kuozesha. Jua kali pia linaviua, kwa hiyo unamwaga alfajiri au jioni. Sasa panga hayo na trakta ya kukodi, njia yenye matope, na mvua ya Desemba isiyomsikiliza mtu.

Usiku mmoja jenereta yake iliishiwa mafuta, na mlinzi hakuzinduka. Asubuhi tangi lilikuwa linanuka kama choo. Kijana akataka tuimwage hivyo hivyo, eti itapona ikifika chini. Kapita wetu, msimamizi wa shamba, alifunika pua kwa kofia, akasogeza trakta mbali, mjadala ukaisha. Siku nyingine nozeli za bomba la kupulizia ziliziba kila mstari, kwa sababu mfuko wake ulikuwa unapitisha chembe. Chujio la matundu ya chini ya nusu milimita lingeimaliza shida hiyo, na kwa bei aliyonitoza ilikuwa haki yangu kulikuta.

Matokeo. Tuliacha kanda za kulinganisha: moja mbolea ya NPK 10-20-10 na urea peke yake, ya pili hivyo hivyo pamoja na chai, na ya tatu tulitia mboji yenyewe, kiganja kwa kila shimo la mbegu. Mahindi yalipofika magotini, kanda mbili za kwanza zilikuwa na majani yale yale yenye zambarau kingoni, dalili ya njaa ya fosforasi. Kapita aling'oa mashina pande zote mbili, tukapangusa mizizi, hatukuona cha kutofautisha. Kwenye mizani kanda hizo mbili zilipishana kidogo sana, kiasi ambacho hata kichuguu kimoja kilichosawazishwa kinaweza kukileta, na nyote mnajua mahindi yanavyonona palipokuwa na kichuguu. Ukanda wa mboji kavu ndio ulioonekana kwa macho. Mvua ilipokatika mwezi wa kwanza, majani yake yalichelewa kujikunja.

Sasa mtauliza, mbona usitie mboji kote? Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, hekta ina mashimo zaidi ya 53,000. Gramu 100 kwa shimo ni tani tano na zaidi kwa hekta, na hekta 30 zinavuka tani 150. Sina, na hata kuku wa Lubumbashi nzima sijui kama wangenitosheleza. Ndiyo maana chai inavutia: inakuahidi faida ya mboji bila mzigo wa mboji.

Udongo wetu tuliupima, pH, kipimo cha uchachu, iko chini kidogo ya 5. Katika uchachu huo alumini inaumiza mizizi na fosforasi unayonunua kwa dola inashikwa na udongo, mmea unaikosa. Chai haibadilishi hilo. Chokaa inabadilisha, na mawe ya chokaa tunayo Kakontwe, pale Likasi, kilomita kama 120 tu. Baada yake, mabua yasichomwe, na soya ipokezane na mahindi.

Kwenye mboga chai nimeipenda kiasi. Miche ya nyanya ilishika haraka, ingawa ilipata pia maji ya ziada, kwa hiyo siapi. Tahadhari moja ni ya lazima: molasi inalisha vijidudu vyote, wabaya pamoja na wazuri. Mwaka 2004 jopo la Marekani la kilimo hai lilitahadharisha juu ya chai zenye viongezo vya namna hiyo kwa sababu ya bakteria wa magonjwa ya tumbo, E. coli na Salmonella. Kama mboji ni ya mavi ya kuku na haikupanda joto hadi nyuzi 55 kwa siku kadhaa, usiimwage kwenye saladi inayoliwa mbichi. Lengalenga (mchicha) inayopikwa, hofu ni ndogo.

Kijana nimemwita tena kwa kitalu cha nyanya peke yake, bila molasi, aje na chujio, na mafuta ya jenereta anunue yeye. Pesa za mahindi nimeziweka kwenye lori la chokaa, na dereva anataka nusu kabla hajatoka Likasi.