Mida Creek, Watamu: ulizia saa za maji kabla hujatoka nyumbani

Mara ya kwanza nilipokwenda kuangalia ndege wa pwani Mida Creek, hori la bahari lenye mikoko huko Watamu, pwani ya Kenya, safari iliharibika. Aliyetupeleka, ambaye si wa pale, alisema saa yoyote ni sawa. Tukafika saa tano mchana, maji yametoka kabisa, ndege ni vidoadoa tu kule mbali kwenye tope. Niliumia, maana nilikuwa nimetoka Mombasa alfajiri kwa ajili yao.

Januari hii nimerudi na binti yangu. Nilihakikisha saa za maji kwanza, tukawa pale saa moja asubuhi, yakiwa ndiyo kwanza yaanza kujaa. Tofauti ni kubwa mno. Maji yanapopanda, yanawasogeza ndege kidogo kidogo hadi karibu na kibanda cha kuwaangalilia. Yakijaa kabisa wanaruka kwenda kulala kwingine, kwa hiyo usichelewe.

Njia yenyewe ni daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko. Linayumba, na mwongozaji wetu, kijana wa Kigiriama, alituambia, "Mama, piteni mmoja mmoja, polepole." Chini yetu kaa walikuwa wakipunga gando lao moja kubwa jekundu. Penye mlilana, aina ya mkoko, mwongozaji alisimama akatuokotea ua lililoanguka: nyuzi nyeupe nyingi, laini kama brashi ya poda. Akasema ua hilo hufunguka usiku, popo wakalifuata, na kukikucha nyuzi zinadondoka. Kweli, zilikuwa zinaelea kila mahali. Ukifika mchana hulioni hilo.

Kibandani tulikaa kwa muda wa karibu saa mbili. Tuliona sululu mwenye mdomo uliopinda, chamchanga wengi, na yule niliyemfuata hasa: ndege mla kaa. Mweupe, mgongo mweusi, miguu ya kijivu, mdomo mnene mweusi kama koleo. Mmoja alikimbia, akasimama ghafla, akamnasa kaa na kumkung'uta hadi miguu ikakatika, kisha akammeza. Binti yangu hakutaka kurudisha darubini. Ndege hawa huzaliana pande za Somalia, Oman na Ghuba, wakichimba mashimo mchangani na kutaga yai moja jeupe humo ndani, halafu huja huku kwetu msimu wa kaskazi. Njia ile ile ya majahazi!

Unalipa kiingilio, na mwongozaji unamlipa kando. Mchukue, usijibane hapo. Bila yeye ningezipita zile nyuzi za mlilana nikidhani ni takataka zinaelea. Nilifurahi pia kujua kwamba pesa za kiingilio husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Beba maji, kofia, na dawa ya mbu. Darubini ukiweza azima, hata ndogo. Agosti hadi Aprili ndio wakati wa ndege wageni. Sisi tumeshapanga Machi, kabla hawajaondoka.