Nyota nne kwa daktari wa mbwa wa Ngamiani

Kama una mbwa hapa Tanga anayemeza prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga ya mwili, mwezi baada ya mwezi na ngozi yake imeanza kuharibika, mpeleke Ngamiani. Kuna duka la dawa za mifugo si mbali na Soko la Mgandini, lenye chumba kidogo cha tiba nyuma ya kaunta. Daktari ni binti kijana aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Cheti kimetundikwa ukutani juu ya friji ya chanjo, kila mtu anakiona. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitasema imepotelea wapi.

Bobi wangu ana pemfigasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaigeukia ngozi na kuishambulia. Ulimwanzia puani na masikioni: vipele vya usaha, vikipasuka vinaacha magamba ya njano, kisha nyayo zikaota magamba magumu akawa anachechemea. Kipande cha ngozi kilipelekwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, ndipo tukajua tunapambana na nini. Ugonjwa huu hutulizwa tu, na dawa inayotangulia ni steroidi. Bobi ana kilo 22; alianzishiwa miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 5. Magamba yakadondoka, akatembea vizuri, nyumba nzima tukafurahi.

Lakini steroidi ikikaa mwilini muda mrefu, ngozi ndiyo inayolipa. Tumbo la Bobi lilishuka likaning'inia. Manyoya ya ubavuni yakapukutika, kushoto na kulia vilevile. Ngozi ya kinena ikawa nyembamba hadi mishipa ya damu inaonekana, na kuzunguka chuchu vikatokea vidoa vyeusi, ambavyo ni vinyweleo vilivyoziba. Mkwaruzo mdogo ambao zamani ungekauka wenyewe ukawa haufungi. Mahali nilipokuwa nampeleka mwanzo, hapahapa mjini, kila nikisema anajikuna alichomwa sindano ya deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi, juu ya vidonge alivyokuwa anameza. Hakuna aliyempapasa ngozi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Binti wa Ngamiani alikuja mwenyewe nyumbani, Sahare. Hilo tu kwangu ni msaada mkubwa, maana madereva wengi wa bajaji mji huu hawapakii mbwa, nami siwalaumu, wana dini yao na abiria wao. Kuja nyumbani ni shilingi 20,000 na vipimo vya hadubini humo humo. Aliniamkia, akanawa mikono, akamlaza Bobi ubavu kibarazani na kumpapasa kuanzia puani hadi mkiani. Mkono wake ukasimama kisogoni. Akaniita nishike. Ukigusa pale utadhani chembe za mchanga zimenasa chini ya ngozi. Ni kalisi (kalsiamu), akanieleza, inayojikusanya ndani ya ngozi kwa sababu ya steroidi, na ndugu zake hupenda kuota mgongoni, kwapani na kinenani. Hakukwaruza wala kukamua. Alisema itayeyuka taratibu dozi ikipungua, na kwamba inaweza kuonekana mbaya zaidi kabla haijaisha, hivyo nisishtuke, ila nichunge isipasuke na kuingia uchafu.

Nilimwuliza kama atamchoma sindano ya kuwashwa. "Hapana, mama. Kwanza tujue nani kaingia."

Akachukua wembe butu, akaupaka mafuta kidogo, akaibana ngozi ya pajani kati ya vidole na kuikwangua hadi damu ikachungulia. Alikuwa anatafuta utitiri wa demodeksi. Wadudu hao huishi ndani ya vinyweleo, mbwa wazima huwa nao wachache bila madhara, lakini kinga ikishushwa na steroidi wanazaliana na kumnyonyoa. Kisha akabandika kipande cha kioo cha hadubini juu ya kipele kilichopasuka. Jioni nikapita dukani, akanikalisha kwenye hadubini. Utitiri haukuwepo. Kwenye kioo cha pili, baada ya kupakwa rangi, niliona seli kubwa za zambarau, na ndani yake vidoa viduara vidogo sana, viwili viwili na vinne vinne: bakteria waliomezwa na seli za kinga. Mimi nimesomesha watoto zaidi ya nusu ya umri wangu, na sijawahi kueleweshwa jambo la sayansi vizuri vile.

Ona maamuzi yaliyotoka hapo. Utitiri haupo, kwa hiyo hakuna ivermektini, dawa ambayo madukani inachomwa kwa kila mbwa anayejikuna. Bakteria wapo juu juu, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia antibiotiki za kumeza. Tuanze na shampuu ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya ngozi, asilimia 4. Na steroidi haiongezwi.

Shampuu yenyewe inastahili maneno yake. Chupa niliuziwa 35,000, si bei ya mchezo, ila mbwa wa ukubwa wa Bobi inamfikisha mbali ukiipaka penye ugonjwa badala ya kuimwaga mwili mzima. Haina marashi, povu lake ni dogo. Siri yake ni muda: lazima ikae kwenye ngozi dakika 10 kabla ya kusuuzwa, mara mbili au tatu kwa wiki. Ukisuuza mapema umesuuza hela. Mimi nampaka kwa kiganja, sisugui kwa brashi kwa sababu ngozi nyembamba inachanika, halafu nakaa naye nikimkuna kidevu mpaka saa ya simu ilie. Isiingie machoni wala ndani ya sikio. Baada ya hapo namkausha kwa taulo kwa kugandamiza, hasa kwapani na katikati ya vidole, maana kwa unyevunyevu wa Tanga ngozi iliyobaki mbichi inakaribisha fangasi. Jirani alinishauri nimpeleke baharini Raskazone kama watu wanavyofanya kwa mbwa wenye upele. Daktari alikataa: chumvi kwenye ngozi iliyopauka na yenye vidonda ni kumtesa.

Vipele vilikauka. Manyoya yanarudi polepole, laini kuliko ya zamani. Ngozi ya tumbo bado ni nyembamba, na ninakubali itachukua muda.

Kitu kingine ninachowasifia ni kupunguza dozi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu mtu akiona ngozi imeharibika anatupa vidonge vyote siku hiyohiyo. Steroidi ya muda mrefu inalaza tezi zilizo juu ya figo, zile zinazotengeneza kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe. Ukikatisha ghafla mbwa anaweza kutapika, kulegea, kuanguka, hata kufa. Daktari aliniandikia kwenye daftari la shule: tunashuka kama robo ya dozi kila baada ya wiki chache, tukitazama kama magamba ya pemfigasi yanarudi. Ili ishuke bila ugonjwa kufumuka ameongeza azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga. Sasa Bobi yuko kwenye miligramu 10 siku moja ndiyo, siku moja hapana, asubuhi pamoja na chakula. Alinikataza kabisa kumpa diklofenaki au dawa nyingine ya maumivu ya aina hiyo, kwa kuwa ikikutana na steroidi inaweza kutoboa tumbo.

Hata vitu vidogo aliviona. Mnyororo wa shingoni ulikuwa unamchubua, tukaweka mkanda wa kitambaa unaopita kifuani. Viwiko vilikuwa vinachubuka kwa kulala kwenye saruji, nikamshonea godoro la gunia na sponji. Kupe anatolewa kwa koleo ndogo, taratibu, havutwi kwa kucha.

Nyota ya tano imepotelea kwenye damu na shampuu. Azathioprini inadai kupima chembe nyeupe na ini mara kwa mara, na pale dukani hawana mashine. Damu inapelekwa kwingine na majibu yanachelewa, wakati mimi huku roho iko juu. Shampuu nayo huisha, na ikiisha inaagizwa Dar es Salaam, inakuja na basi, unaifuata stendi ya Kange. Safari moja nilikaa bila shampuu mpaka vipele vikaanza kuchomoza tena. Duka kubwa namna ile, lenye wateja wa ng'ombe na kuku kila saa, lingeweza kuweka chupa mbili tatu za akiba kwa ajili ya mbwa.

Jumapili wamefunga. Siku nyingine piga simu kabla ya saa 3 asubuhi, kwa sababu baada ya hapo daktari huwa ameshatoka kwenda kwa wafugaji wa Pongwe. Ukienda, beba vidonge vyote anavyotumia mbwa wako na uandike ameanza lini na kwa dozi gani. Hilo ndilo swali lake la kwanza.