Mipira ya tenisi ya rangi tatu kwa watoto: tathmini baada ya miaka miwili ya kuitumia Unguja

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiwafundisha tenisi watoto wa mtaani kwetu, pembezoni mwa Mji wa Zanzibar, kila Jumamosi na Jumapili asubuhi kabla jua halijapanda. Tunatumia kiwanja kimoja cha saruji, na siku ambazo kiwanja hicho kina wenyewe tunahamia kwenye ua wa skuli, ambao mchanga wake umekanyagwa hadi ukawa mgumu. Katika muda huo nimenunua kwa fedha yangu mipira ya watoto ya madaraja yote matatu, yaani mwekundu, wa chungwa na wa kijani, na nimeitumia mpaka ikachakaa. Wazazi wengi wameniuliza kama mipira hiyo ina faida yoyote au ni mapambo ya kumfurahisha mtoto, na jibu ninalowapa wakiwa wamesimama mlangoni huwa fupi kuliko jambo lenyewe linavyostahiki.

Mipira hiyo si ubunifu wa wauza vifaa. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, ndilo lililoweka vipimo vyake, na tangu mwaka 2012 kanuni za shirikisho hilo haziruhusu mpira wa kawaida wa manjano kutumika katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini ya hapo. Mpira mwekundu mwendo wake umepunguzwa kwa asilimia 75 ukilinganishwa na wa manjano, wa chungwa kwa asilimia 50, na wa kijani kwa asilimia 25. Kipimo kinachomgusa mtoto zaidi, hata hivyo, ni cha mdundo. Mpira wa manjano ukiangushwa kutoka urefu wa sentimita 254 hutakiwa kurudi juu baina ya sentimita 135 na 147. Wa kijani hurudi baina ya 120 na 135, wa chungwa baina ya 105 na 120, na mwekundu baina ya 90 na 105. Mtoto wa darasa la pili ana urefu wa sentimita 120 hivi. Mpira wa manjano uliopigwa na mwenzake kwa nguvu kidogo tu utampita juu ya bega, pengine juu ya kichwa, ilhali mwekundu utamfika kiunoni au kifuani, mahali ambapo mkono wake una uwezo wa kufanya jambo la maana.

Najua tofauti hiyo kwa sababu mwili wangu umeilipia. Nilianza mchezo huu nikiwa na miaka tisa, hapa hapa Unguja, kwa raketi ya mtu mzima yenye inchi 27 na mipira ya manjano iliyokwisha manyoya. Kila mpira uliodunda ulinijia usawa wa uso, na ili niufikie nilizungusha mkono kwenye mpini hadi kiganja kikawa chini yake kabisa, jambo ambalo hakuna aliyenifundisha wala aliyenikataza, kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyoniwezesha kuurudisha mpira. Mshiko ule ukanikaa. Nilipofika miaka kumi na mitatu nikavuka bahari kwenda Dar es Salaam kwa mashindano yangu ya kwanza, na nikakutana na vijana waliokuwa wakipiga mipira ya chini, inayoteleza karibu na miguu. Kwa mshiko wangu mipira hiyo haikuokoteka. Nilifungwa 6-0, 6-1, na katika boti ya kurudi, kwa saa mbili zile, nilijiona mtu asiye na kipaji. Miaka mingi ilipita kabla sijafahamu kwamba kosa lilianza nilipokuwa na miaka tisa, kwa mpira usiolingana na kimo changu.

Tulikuwa wanane tulioanza pamoja. Miaka mitano baadaye tulibaki wawili. Sasa ninapowakumbuka wale sita siamini kwamba waliuchukia mchezo, kwa sababu hawakupata kuucheza. Tenisi kwao ilikuwa kazi ya kuokota mipira uzioni.

Mipira myekundu ya kwanza niliitoa kwenye boksi asubuhi moja ya mwezi wa Januari. Upana wa kiwanja kizima cha watu wawili wawili ni mita 10.97, na urefu wa kiwanja cha mpira mwekundu ni takriban huo huo, kwa hiyo nilichora kwa chaki viwanja vinne vidogo vilivyokatiza kile kikubwa. Wavu wa sentimita 80 sikuwa nao. Nilifunga kamba ya usumba kwenye viti na kuitundika vipande vya kanga kuukuu, na watoto kumi na sita wakacheza kwa wakati mmoja mahali ambapo zamani wangecheza wanne na wengine kumi na wawili wakawatazama. Wiki ya tatu, wasichana wawili wa darasa la tatu walirudishiana mpira mara ishirini na mbili bila kukatika. Walipofika kumi na tano wenzao waliacha michezo yao wakaja kuwahesabia kwa sauti, na ulipogonga kamba ukaanguka, wote wawili walikuwa wakihema na kucheka kwa pamoja. Mimi sikuwahi kupata mapigo ishirini na mawili mfululizo mpaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Baada ya hapo ndipo lilipokuja jambo ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Wakaanza kushindana. Tulicheza mechi za pointi saba, na kwa mara ya kwanza nikaona watoto wa miaka saba na minane wakikabiliana na yale ambayo mimi nilikutana nayo ghafla nikiwa Dar es Salaam: kuongoza 5-2 kisha kufikiwa, kutangaza kwa uaminifu kwamba mpira wa mwenzio umeingia hali unatamani ungekuwa nje, kulia na kurudi kiwanjani macho yakiwa bado mekundu. Wako wanaodhani kwamba mipira laini humkinga mtoto na ushindani. Niliyoyaona ni kinyume chake, kwani mtoto asiyeweza kurudisha mpira mara mbili hashindani na yeyote. Anabahatisha tu, na akifungwa hana la kujifunza kwa sababu hajui amefungwa kwa kitu gani. Mtoto anayeweza kurudisha mara kumi anajua vizuri sana kwamba mwenzake alimvuta kulia, akamwacha kushoto kukiwa wazi, na Jumamosi inayofuata atakuja amejiandaa.

Mama mmoja alinijia mwezi wa pili, akiwa na wasiwasi wa kweli. "Maalim, samahani," alisema, "huyu mwanangu lini atacheza mpira wenyewe? Naona hii kama ya kuchezea watoto wadogo." Nilimwambia, "Dada yangu, njoo Jumamosi umtazame mechi nzima, kisha uniambie lipi hapo si la kweli." Alikuja, akakaa kwenye kivuli cha mwarobaini tangu mwanzo hadi mwisho, na wakati wa kuondoka aliniuliza raketi inapatikana wapi. Nilimjibu kwamba kwa mpira mwekundu inchi 21 au 23 zinatosha, kwa wa chungwa 23 au 25, kwa wa kijani 25 au 26, na kwamba asimnunulie mtoto raketi kubwa kwa nia ya kwamba ataikuta, kama tunavyofanya kwa nguo za Sikukuu.

Watoto wenyewe nao huona haya kidogo kwa rangi nyekundu, hasa wavulana. Wamemwona kwenye simu Angella Okutoyi wa Kenya jirani, aliyeshinda taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon mwaka 2022, na mpira walioushuhudia pale ni wa manjano. Sichukulii aibu hiyo kuwa upuuzi. Mtoto ana haki ya kutamani kitu cha wakubwa. Ninachofanya ni kumpandisha daraja kwa uwezo wake, si kwa kuhesabu miaka, na siku ya kupanda nampa mpira mmoja wa chungwa kwenda nao nyumbani, uwe wake.

Mipira hii ina kasoro, na baadhi ya kasoro hizo ni kubwa kwa mazingira yetu. Mwekundu ni mpana, una kipenyo cha sentimita 7 hadi 8, na uzito wake hauzidi gramu 49, ilhali wa manjano una gramu 56 hadi 59.4. Mpira mpana na mwepesi katika kisiwa chenye upepo ni mtihani. Kuanzia mwezi wa Juni, kusi inapovuma, kiwanja chetu kilicho wazi upande wa bahari hakifai kabisa kwa mpira mwekundu baada ya saa tatu asubuhi. Mpira hupinda njiani, mtoto akadhani amekosea yeye. Tulilazimika kuhamia nyuma ya ukuta wa skuli na kuanza saa kumi na mbili na nusu. Masika nayo huleta shida ya unyevu, kwani manyoya ya mpira hufyonza maji na mpira hulala. Nimejifunza kuianika kivulini, kamwe si juani, na kuihifadhi kwenye kikapu cha ukindu badala ya mfuko wa plastiki.

Wa chungwa ndio bora kuliko yote, na kama fedha ni ya boksi moja tu, boksi hilo liwe la chungwa. Unastahimili upepo, unadunda vizuri kwenye saruji, na kiwanja chake cha mita 18 kinamtaka mtoto akimbie bila kumvunja moyo. Boksi langu la kwanza lilidumu miezi minane ya matumizi ya kila wiki.

Wa kijani umeniangusha. Kwenye saruji yetu yenye mikwaruzo ulipoteza uhai ndani ya wiki sita, ukawa unadunda kama wa chungwa ilhali ni mzito zaidi, na kwa watoto wa miaka kumi wanaojiandaa kwa kiwanja kamili cha mita 23.77 hilo ni tatizo, kwa sababu wanazoea mdundo ambao hawataukuta kwa mpira wa manjano. Wawili kati ya wanafunzi wangu walipata tabu ya miezi mitatu katika kuvuka daraja hilo. Sasa nautumia ukiwa mpya tu, na ukianza kulala naushusha kwa wale wa chungwa.

Lipo pia suala la manunuzi. Mara moja duka moja la vifaa vya michezo liliniuzia boksi la mipira yenye alama ya kijani ambayo nusu yake ilikuwa imekufa tangu siku ya kwanza, na muuzaji akashikilia kwamba rangi ni urembo na mipira yote ni sawa. Tangu hapo nabeba kipimo. Nilipiga alama ya chaki ukutani kwenye sentimita 254, na kila boksi jipya naangusha mpira mmoja mmoja sakafuni huku mtoto mkubwa akisoma urefu unaorudi. Kazi hiyo haichukui hata robo saa, na inaonyesha wazi mpira uliokufa.

Mtoto wa ami yangu, ambaye ni mwalimu karibu na Chake Chake, nilimpelekea mipira ishirini na minne myekundu. Baada ya mwezi alinipigia simu kusema kwamba haimfai. Kiwanja chake ni cha udongo, na baada ya mvua udongo unakuwa laini kiasi kwamba mpira mwekundu hufika kifundoni, ukafa hapo. Tulikubaliana anipe ile, nimpe ya chungwa, awaanzishie nayo hata watoto wa miaka saba, na tangu hapo mambo yamekwenda vizuri. Kwa hiyo mwenye kiwanja cha udongo au mchanga asifuate rangi kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Aangalie mpira unamfika mtoto wapi mwilini, kisha achague.

Kuhusu bei, mpira mmoja wa chungwa ulinigharimu, pamoja na nauli ya mzigo kwenye boti kutoka Dar es Salaam, karibu sawa na kilo mbili za mchele. Si kidogo kwa mzazi wa kawaida, na ndiyo maana siwaruhusu watoto kuondoka kabla hatujahesabu mipira yote ndani ya kikapu. Lakini naukumbuka pia mfuko wa mipira ya manjano iliyotumika niliyokuwa nikipewa bure nikiwa na miaka tisa, na naujua uzito wa ule ubure.

Mwezi ujao wasichana wangu wawili, wale wa mapigo ishirini na mawili, watacheza kwa mara ya kwanza na watoto wa Bara. Mmoja wao anashika raketi vizuri kuliko nilivyowahi kuishika mimi. Nimeagiza boksi jingine la chungwa kwa wanaobaki, na la kijani nitalinunua baada ya masika, litakapoweza kutumika likiwa bado jipya.