Reborn Rich: kisasi kilichomezwa na babu

Tamthilia ya Kikorea ya Reborn Rich, iliyorushwa na kituo cha JTBC mwishoni mwa mwaka 2022 katika sehemu 16, inafungua kwa usaliti. Yoon Hyun-woo, mtumishi mwaminifu wa familia tajiri inayomiliki makampuni ya Soonyang, anatumwa ng'ambo kurejesha fedha zilizofichwa, na huko anapigwa risasi ukingoni mwa jabali. Anapozinduka ni mwaka 1987, naye ni Jin Do-jun, mjukuu mdogo kuliko wote wa ukoo ule ule uliomtoa roho.

Kinachoipa hadithi hii uzito ni namna kisasi kinavyoshonwa ndani ya historia ya kweli ya Korea Kusini. Mtoto huyu anajua kwamba mgawanyiko wa wapinzani utampa Roh Tae-woo urais, na anajua kwamba msukosuko wa fedha wa mwaka 1997 utayaangusha makampuni yaliyoonekana hayatikisiki. Hivyo silaha yake ni kumbukumbu, na uwanja wake wa vita ni hisa na ardhi. Hata hivyo, kujua yajayo hakumwezeshi kumwokoa mama aliyemzaa katika maisha ya kwanza, na hapo ndipo nilipolia.

Lakini mwenye tamthilia ni Lee Sung-min, anayeigiza babu, Jin Yang-chul. Mzee huyu aliyeanza na kinu cha kukoboa mpunga anawapima wanawe kama mfanyabiashara anavyopima bidhaa, na bado, kadiri Do-jun anavyomkaribia ili amnyang'anye kampuni, ndivyo wawili hao wanavyopendana bila kukiri. Akili ya mzee inapoanza kumtoka, na ikabainika kwamba ajali iliyokusudiwa kumuua mjukuu ilipangwa na mke wa mzee mwenyewe, uso wake unabeba aibu, hasira na upweke kwa pamoja, pasipo kilio wala kelele. Tuzo ya Baeksang, mojawapo ya tuzo kubwa za filamu na tamthilia za Korea Kusini, aliyopewa mwaka 2023 ilimstahili kabisa. Song Joong-ki, anayeigiza Hyun-woo na Do-jun mtu mzima, ni mtulivu na anatosha. Mapenzi yake na mwendesha mashtaka hayana moto wowote.

Sehemu ya mwisho ilinivunja moyo. Baada ya kutufanya tuishi na Do-jun kwa sehemu 15, waandishi wanamrudisha Hyun-woo kwenye mwili wake wa kwanza, na ushindi unaofuata unapatikana mbele ya kamati ya bunge kwa ushahidi wa kanda, katika vita ambavyo Do-jun aliyevipigana hayupo tena kuviona vikiisha. Deni la damu lilikuwa lake, na alipaswa kulidai mwenyewe. Pamoja na hayo, naipendekeza kwa yeyote apendaye visa vya urithi na usaliti wa nyumbani, na aitazame hasa kwa ajili ya yule mzee.