Jumamosi Sita za Kujifunza Kuchora Kisumu: Uzoefu Wangu

Nilijiandikisha katika darasa la kuchora kwa penseli hapa Kisumu, lililotengwa kwa watu wazima wanaoanza kabisa, katikati ya Februari, na tulimaliza mwishoni mwa Machi. Ada ilikuwa shilingi 4,500 kwa Jumamosi sita, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa saba mchana. Sikuwa na nia ya kuuza picha wala kubadilisha kazi. Nilitaka kuwa na jambo langu mwenyewe la kufanya jioni baada ya kufunga hesabu za duka, kwa kuwa tangu shule ya msingi, ambako kipindi cha sanaa kilikuwa kikigeuzwa mara kwa mara kuwa cha hisabati, nilibaki na hamu ambayo sikuwahi kuipa nafasi.

Kipindi cha kwanza pekee kilitosha kunifanya nisijutie ada hiyo. Mwalimu aliweka sufuria juu ya meza akatuagiza tuichore, bila maelezo yoyote. Sote kumi na mmoja tulichora mdomo wake ukiwa na ncha kali pande mbili, mfano wa jicho, na kitako tukakinyoosha kana kwamba tumetumia rula. Hapo ndipo alipotueleza kwamba tulikuwa tumechora tunachokijua kuhusu sufuria, si tunachokiona. Tunajua kwamba sufuria inakaa sawasawa mezani, kwa hiyo mkono huvuta mstari ulionyooka, ilhali jicho linalotazama kutoka juu huona duaradufu, yaani duara lililobanwa, isiyo na kona popote, na kitako nacho hupinda zaidi kuliko mdomo kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa macho. Niliinama mpaka mdomo wa sufuria ukalingana na macho yangu, nikaiona duaradufu ile ikifinyika hadi ikawa mstari mmoja. Nimepika kwa sufuria zaidi ya miaka ishirini, na siku hiyo ndiyo niliyoitazama kwa mara ya kwanza.

Juma lililofuata tulichora kigoda, lakini tuliambiwa tusikichore kigoda chenyewe, bali tuchore uwazi ulio kati ya miguu yake, kila uwazi kama umbo linalojitegemea. Ajabu ni kwamba maumbo hayo yalipokaa mahali pake, kigoda kilijitokeza chenyewe, tena kikiwa na uwiano mzuri kuliko nilivyoweza kukipata kwa kufuata miguu. Tulifundishwa pia kupima kwa penseli: mkono umenyooka kabisa, jicho moja limefumbwa, kidole gumba kikiteleza juu ya penseli kuonyesha urefu. Mkono ukikunjwa hata kidogo, vipimo vyote huharibika.

Kuhusu vifaa nina lalamiko. Orodha tuliyopewa ilitaka penseli kumi na mbili, kuanzia 4H iliyo ngumu hadi 8B iliyo laini na nyeusi zaidi, nami hadi leo natumia tatu tu: HB kwa mistari ya mwanzo, 2B kwa sehemu kubwa ya mchoro, na 6B kwa vivuli vizito. Mwalimu mwenyewe alitueleza vizuri sababu ya tofauti hizo. Risasi ya penseli ni mchanganyiko wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, njia ambayo mvumbuzi Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza, yaani hakimiliki ya uvumbuzi, Ufaransa mwaka 1795, na kadiri udongo unavyozidi ndivyo penseli inavyokuwa ngumu na mstari wake kufifia. Maelezo hayo yangetangulia ununuzi, tungeokoa fedha na kuzitumia kwenye karatasi. Karatasi tulizogawiwa zilikuwa za kawaida za fotokopi, za gramu 80 kwa mita ya mraba, ambazo zilianza kuchubuka mara tu raba ilipopita mara ya tatu. Nilijinunulia daftari la kuchorea la gramu 150, na tofauti niliiona siku hiyo hiyo.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa saa ya masomo. Kipindi cha vivuli kiliangukia wiki ya tatu ya Machi, na tulichorea nje. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na katika siku hizo jua la adhuhuri husimama utosini. Chungu tulichowekewa kilikuwa na kivuli chembamba kilichojificha chini yake, bila upande mmoja wa mwanga na mwingine wa giza. Nilikuja kulielewa somo hilo nyumbani, saa moja asubuhi, kwa kikombe nilichokiweka dirishani.

Kipindi cha mwisho kilifanyika ufuoni Dunga, kando ya Ziwa Victoria. Nilikuwa nahangaika na mtumbwi uliovutwa nchi kavu, nikianza na mbao za ubavuni, ndipo mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu akasimama nyuma yangu, akatazama kwa muda, akasema, "Mama, anza na mkuku. Huo ndio mgongo wa chombo, mbao zote zinaufuata." Nilifuta nikaanza upya na ubao huo wa chini, ulivyopinda kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, na mbao zikapata pa kukaa. Nilimshukuru mzee huyo kwa dhati, na mchoro ule ndio pekee niliouweka ukutani.

Anayetaka kuchora sura za watu hatapata msaada hapa, kwa kuwa somo hilo halimo kabisa. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kushika penseli ila kuandika, na aliye tayari kufanya mazoezi ya nusu saa kila siku, ningempendekezea darasa hili bila kusita. Nilimwomba mwalimu asogeze awamu ijayo hadi saa mbili asubuhi, naye amekubali saa tatu. Nimekwisha kulipa.